«FROLIC»: NI KUCHEZA NAMNA GANI?



Neno letu la leo ni dogo, lina silabi 2 tu, lakini linasumbua watu. Ni neno la Kiingereza «frolic». Wengi wamelikuta katika Biblia ya Kiingereza, ile inayoitwa New International Version. Katika Zaburi 104:26 mnyama mkubwa wa bahari, Lewiatani, anafanya «frolic» ndani ya maji. Tena katika chapa ya mwaka 2011 ya Biblia hiyo hiyo, Malaki 4:2, wale wanaoliheshimu jina la Mungu wanatoka nje na kufanya «frolic» kama ndama walioshiba vizuri.

Mwanafunzi anafungua kamusi ya Kiingereza na Kifransa, anapata «folâtrer» ao «gambader». Anauliza rafiki yake: «Folâtrer ni nini?» Rafiki anajibu: «Ni kucheza.» Basi anaandika katika daftari lake: frolic = kucheza. Anafunga daftari, anaona mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Siku ya interro mwanafunzi huyo ataandika kwamba timu yetu ya mpira ili-«frolic» na timu ya Bukavu, na mwalimu wa Kiingereza atacheka peke yake mbele ya daftari. Maana mpira si «frolic». Karata si «frolic». Gitaa halichezwi kwa «frolic». Na mkubwa anayemsukuma mdogo mpaka analia, kisha anasema alikuwa anacheza, huyo naye hakufanya «frolic» hata kidogo. Tutaona kwa nini.

1. NENO LILITOKA WAPI?

Waingereza walilikopa neno hili katika karne ya 16 kwa jirani zao wa ng'ambo ya bahari, watu wa lugha ya Kiholanzi. Kwa Kiholanzi neno ni «vrolijk», na maana yake ni mwenye furaha, mchangamfu. Wale ambao wazee wao walifanya kazi na Wabeleji wa upande wa Flandria labda waliona neno hilo kwenye kadi za Noeli, kwa sababu Waflamande na Waholanzi hutakiana «Vrolijk Kerstfeest», yaani Noeli yenye furaha. Wajerumani nao wana ndugu ya neno hilo: «fröhlich».

Kwa hiyo mwanzoni «frolic» halikuwa tendo. Lilikuwa sifa tu: mtu fulani ni «frolic», yaani moyo wake umechangamka. Shakespeare mwenyewe alilitumia hivyo katika mchezo wake wa kuigiza A Midsummer Night's Dream, mwishoni mwa karne hiyo ya 16. Pole pole sifa hiyo ikaanza kutembea. Furaha iliyokuwa ndani ya moyo ikashuka mpaka miguuni, na neno likawa tendo: kurukaruka, kukimbiakimbia kwa sababu ya furaha. Likawa tena jina la mchezo wenyewe.

Shikeni jambo hili, maana ndilo mzizi wa makala yote: ndani ya «frolic» furaha ilikuja kwanza, kuruka kulifuata. Ukiondoa furaha, neno linakufa, hata kama watu wanaendelea kuruka.

2. NAMNA YA KULISOMA NA KULIANDIKA

Linasomwa «FRO-lik». Sauti inakazwa kwenye silabi ya kwanza, si ya mwisho kama tunavyozoea kwa Kifransa.

Kosa la kila mwaka ni hili: wakati uliopita. Wanafunzi wengi wanaandika «froliced». Hapana. Andika «frolicked», na tena «frolicking». Ile k inatoka wapi? Ni mlinzi. Kwa Kiingereza, sawa na kwa Kifransa, herufi c ikifuatwa na e ao i inageuka kusomwa s. Bila k, neno lingesomwa «frolist», na hakuna mtu angeelewa. Kifransa kinafanya ulinzi huo huo kwa njia nyingine: «public» kinageuka «publique», si «publice». Kanuni hii inafaa kwa maneno mengine pia: «picnic» linakuwa «picnicked», «panic» linakuwa «panicked», «mimic» linakuwa «mimicked», «traffic» linakuwa «trafficking». Jifunzeni moja, mmepata matano.

Lakini kwa nafsi ya tatu, «he frolics», k haina kazi. Hakuna e wala i inayoisumbua c.

3. KUCHEZA KWETU KUNA MILANGO MINGI

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Hapa Goma tunasema:

«Batoto banacheza mupira.»
«Bantu banacheza muziki.»
«Bazee banacheza karata ya feza.»
«Ule mutu anacheza na miye», yaani ananidanganya, ananidharau.
«Usicheze na moto.»

Tendo ni moja mara 5. Mwingereza anahitaji maneno mengi hapa. Kwa mpira anasema «play». Kwa muziki, kama ni mwili unaocheza, anasema «dance», na «play» anaiacha kwa yule anayepiga gitaa. Kwa karata ya feza anasema «gamble». Kwa yule anayekudharau ana njia nyingine za kusema. Kiswahili kinatupa nyumba moja kubwa yenye milango mingi, na Kiingereza kinatupa vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na ufunguo wake.

Tusione aibu kwa jambo hilo. Kiebrania cha Agano la Kale kiko karibu na sisi. Kuna tendo moja la Kiebrania, «sahaq», ambalo linafanya kazi kama kucheza kwetu. Fuateni mahali 5 linapopatikana:

Zekaria 8:5: wavulana na wasichana wanacheza katika njia za Yerusalema.
2 Samweli 6:5: Daudi na nyumba yote ya Israeli wanashangilia mbele ya sanduku la Mungu, pamoja na vinanda na matoazi.
Zaburi 104:26: Lewiatani anacheza baharini.
Waamuzi 16:25: Wafilisti wanamtoa Samsoni gerezani, kipofu, ili awachezee wapate kucheka.
2 Samweli 2:14: Abneri anapendekeza vijana wasimame «wacheze» mbele ya wakubwa karibu na bwawa la Gibeoni. Vijana 12 wa upande mmoja na 12 wa upande wa pili walishikana vichwa, wakachomana kwa panga, wakaanguka wote pamoja.

Tendo ni lile lile: watoto, mfalme mwenye furaha, nyama wa baharini, kipofu anayechekwa, na vijana 24 waliokufa. Sasa angalieni wale watafsiri wa New International Version walifanya nini. Watoto wa Zekaria waliwapa «playing». Daudi walimpa «celebrating». Samsoni walimpa «entertain». Vijana wa Gibeoni waliwapa «fight», kwa sababu kule mchezo ulikuwa vita. Lewiatani peke yake ndiye aliyepata «frolic». Ndama wa Malaki walipata neno hilo pia, ingawa Kiebrania chake pale ni tendo lingine, la ndama anayeruka akitoka zizini.

Je, Lewiatani na ndama wana nini ambacho Samsoni hakuwa nacho? Mwili mzima unaruka, moyo unafurahi, na hakuna mtu anayewalazimisha. Hapo ndipo tunapata maana.

4. ALAMA 4 ZA «FROLIC»

Ya kwanza ni FURAHA. Yule anayecheza anafurahi, na kama ni wengi, wote wanafurahi. Hii haina mjadala, kwa sababu ndiyo maana ya kwanza ya neno.

Ya pili ni MWILI. Kuna kuruka, kukimbia, kugeukageuka, kubingirika katika majani. Mtu anayecheza dama kwa furaha sana bado hafanyi «frolic», kwa sababu ameketi.

Ya tatu: HAKUNA POINTI. Hakuna arbitre, hakuna mshindi, hakuna feza. Mwandishi mmoja Mfransa, Roger Caillois, aliandika mwaka 1958 kitabu Les jeux et les hommes, na humo aliweka michezo yote kati ya ncha mbili. Ncha moja aliiita «paidia»: mchezo wa kuchangamka tu, usio na kanuni, kama wa mtoto mdogo. Ncha ya pili aliiita «ludus»: mchezo wenye kanuni na kazi ya kuzishinda. «Frolic» liko kabisa upande wa paidia. Mpira wa miguu uko upande wa ludus. Hata nzango ya wasichana wetu, ingawa wanaruka, wanaimba na kupiga makofi, ina kanuni: wanasimama uso kwa uso, wanarusha mguu, na pointi zinahesabiwa. Basi nzango ni «game», na wasichana wana-«play». Lakini nzango ikiisha, wakaanza kufukuzana uwanjani kwa kelele na kicheko, hapo ndipo «frolic» inaanza.

Ya nne: WANAOFAA. Waingereza wanalitumia neno hili hasa kwa wadogo wa wanyama na wa watu: wana-kondoo, ndama, watoto wa mbwa, watoto wa shule ya msingi. Wanalitumia pia kwa pomboo baharini. Kwa mtu mzima wanalitumia kwa kutabasamu kidogo. Ukiandika kwamba Bwana Prefe ali-«frolic» uwanjani, umesema kwamba alisahau ukubwa wake. Labda ni kweli, lakini fikiri kwanza kabla ya kuandika.

Mfano wa hapa mjini utasaidia. Baba anayepandisha magunia ya makala juu ya chukudu kutoka porini mpaka sokoni anafanya kazi, tena kazi ngumu. Mtoto aliyetengenezewa chukudu kidogo, anashuka nacho mteremko na wenzake wanakimbia nyuma yake wakipiga kelele za furaha, huyo ndiye anafanya «frolic». Chombo ni kimoja. Tofauti ni alama 4 tulizozisema.

5. TUTAFSIRI NAMNA GANI KWA KISWAHILI?

Wengine wanasema Kiswahili hakina neno la «frolic». Si kweli kabisa. Kiswahili hakina mzizi wa pekee kwa jambo hilo, lakini kina njia mbili, tena nzuri.

Njia ya kwanza ni KURUDIA. Kuruka ni tendo la mara moja, lenye shabaha: unaruka mtaro ili ufike ng'ambo. Kurukaruka hakuna shabaha. Kukimbia ni kwenda mahali. Kukimbiakimbia ni kwenda huku na huku bila kwenda mahali popote. Kugeuka, kugeukageuka. Tukirudia tendo, mara nyingi tunaondoa shabaha yake na kuacha uchangamfu wake. Hiyo ndiyo alama ya tatu, hakuna pointi, imewekwa ndani ya sarufi yetu.

Njia ya pili ni mkia -ANA. Kufukuza ni jambo la mtu mmoja kwa mwingine, kama mbwa na mwizi. Kufukuzana ni la wote wawili: leo wewe nyuma, halafu mimi. Kukamatana, kuvutana, kurushiana maji kando ya ziwa. Mkia huu unasema kwamba kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea.

Kwa hiyo, ukikuta «The children frolicked on the beach», usiandike tu «Watoto walicheza pwani». Hilo si kosa kubwa, lakini ni chakula bila chumvi. Andika «Watoto walikuwa wakirukaruka na kufukuzana kando ya maji kwa furaha». Maneno yameongezeka, ndiyo, lakini picha imebaki nzima. Na kwa Lewiatani sema «anageukageuka na kucheza majini». Kwa ndama sema «wanarukaruka wakitoka zizini».

Ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza, fanya kinyume. Kila ukitaka kuandika kucheza, jiulize kwanza: Je, kuna kanuni? Je, kuna feza? Je, ni muziki? Je, wote wanafurahi? Ndipo uchague mlango.

6. NDUGU ZAKE WAWILI, NA MITEGO YAO

Ndugu wa kwanza ni «romp». Maana yake ni karibu sawa, lakini «romp» lina nguvu zaidi na kelele zaidi: watoto wanabingirika kitandani, wanaangushana, mto unapasuka. Historia yake ina mtego kwa sisi wa Kifransa. «Romp» lilitoka kwa neno la zamani «ramp», nalo lilitoka kwa Kifransa cha zamani «ramper», ambacho kilikuwa na maana ya kupanda, kujiinua kwa makucha. Leo «ramper» ya Kifransa ni kutambaa kwa tumbo kama nyoka! Kwa hiyo usitafsiri «romp» kwa «ramper». Ukitaka ushuhuda wa maana ya zamani, tazama simba wa Ubelgiji kwenye nembo ya nchi ile: amesimama kwa miguu ya nyuma, makucha juu, na wataalamu wa nembo wanamwita simba «rampant». Huyo hatambai.

Tena, katika habari za mbio na michezo, «romp home» ni kushinda bila jasho. Na mtego mwingine: katika magazeti ya Uingereza yanayopenda kashfa, «romp» ya mwanamume na mwanamke wazima ni neno la kuficha uzinzi. «Frolic» nalo linatumiwa hivyo mara nyingine. Kijana akimwandikia rafiki wa ng'ambo kwamba yeye na binti fulani walikuwa na «romp» siku ya Jumamosi, kumbe walikimbizana tu na mvua, anaweza kujiletea mashaka bure.

Ndugu wa pili ni «gambol», kuruka kama mwana-mbuzi. Lilitoka kwa Kifransa «gambade», nacho kikatoka kwa Kiitalia «gamba», mguu, ndugu ya «jambe». Ni zuri, lakini linasomwa karibu sawa kabisa na «gamble», kucheza kwa feza. Katika kusema, masikio hayatenganishi. Ukisema kwamba wadogo zako wana-«gambol» kila jioni, msikilizaji anaweza kufikiri nyumba yenu ni nyumba ya kamari. Kwa kusema, chagueni «frolic». «Gambol» liacheni kwenye karatasi.

7. «FROLIC» MBELE YA HAKIMU

Kuna mahali pamoja ambapo neno hili liliacha watoto na ndama, likavaa joho la hakimu. Mwaka 1834, huko Uingereza, kulikuwa na kesi ya Joel na Morison. Mtu mmoja alikuwa akitembea kwa miguu katika mji wa London, akagongwa na gari la farasi la tajiri fulani, likiendeshwa na mtumishi wake. Swali lilikuwa hili: nani alipe? Hakimu Parke alieleza kwamba mtumishi akiwa katika kazi ya bwana wake, hata kama amepotoka njia kidogo, bwana analipa. Lakini mtumishi akiwa katika «frolic» yake mwenyewe, yaani ametoka kabisa katika kazi na kufuata mambo ya moyo wake, bwana halipi. Katika kesi ile mtu aliyegongwa alishinda.

Tangu siku hizo maneno «a frolic of his own» yamebaki katika sheria ya Kiingereza, na mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania, zilizorithi sheria hiyo, zinayatumia. Tuchukue mfano wetu. Dereva ametumwa kupeleka mizigo Sake. Akisimama njiani kununua maji, akagonga mtu, bado yuko kazini. Akigeuza gari na kwenda Rutshuru kumtembelea rafiki, bila tajiri kujua, huyo yuko katika «frolic» yake. Sheria yetu ya Kongo ilitoka kwa Wabeleji, si kwa Waingereza, kwa hiyo usiende kulitaja neno hili mbele ya hakimu wa Goma. Lakini tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, anayefanya biashara na Kampala ao Nairobi anaweza kulikuta katika karatasi za bima ao za kesi. Afadhali alijue, asifikiri wanazungumza juu ya ndama.

Ona tena namna maana ilivyosogea. Furaha haitajwi. Kilichobaki ni mtu kufuata moyo wake nje ya kazi. Na hakimu anaongeza jambo moja ambalo watoto husahau: mchezo una mwenyewe, na mwenyewe atajibu kwa ajili yake.

8. «TULIKUWA TUNACHEZA TU, MWALIMU»

Sasa tumefika nyumbani. Hakuna sentensi inayosikika zaidi wakati wa rekreasyo kuliko hii: «Tulikuwa tunacheza tu, Mwalimu.» Mmoja ana damu puani, mwingine anasema ni muchezo. Mwalimu afanye nini? Wengine wanapiga wote wawili. Wengine wanakataza kila mchezo wa kukimbia. Wengine wanaamini neno la mkubwa na kumwambia mdogo asiwe mtoto-mtoto.

Shida ni lile neno letu kucheza. Ni pana mno, linaweza kumficha mkosaji. Wafilisti nao wangeweza kusema kwamba Samsoni alikuwa anacheza tu. Abneri alisema vijana wacheze tu. Lakini jaribu kuweka «frolic» mahali pale, utaona linakataa kuingia, kwa sababu linadai furaha ya wote.

Wanyama wenyewe wanajua tofauti hiyo. Mwaka 1959 na 1960 mtaalamu Mmarekani George Schaller alikaa Kabara, chini ya mlima Mikeno ule tunaouona kutoka hapa mjini, akiwachunguza ngagi wa milima. Wadogo wa ngagi wanapigana mieleka, wanafukuzana, wanaangushana. Lakini yule anayetaka kucheza anaonyesha: anafungua mdomo kwa ulegevu, pengine anatoa sauti kama ya kicheko. Mbwa naye anainamisha kifua chini na kuinua matako, ni kusema: nitakuuma, lakini si kweli. Wataalamu wengi waliochunguza michezo ya wanyama waliona mambo haya yanarudi: mwenye nguvu anapunguza nguvu zake, mara nyingine analala chini ili mdogo ampande, zamu zinabadilika, anayefukuza anafukuzwa, na mchezo ukiisha, mdogo anarudi mwenyewe kutafuta mwingine.

Tupime rekreasyo yetu kwa maswali hayo:

Je, wote wanacheka, ao mmoja tu?
Je, mkubwa anapunguza nguvu?
Je, zamu zinageuka, ao ni yule yule anayeanguka kila siku?
Mtu akisema «Basi!», mchezo unakoma?
Kesho yake, yule mdogo anakuja mwenyewe, ao anajificha nyuma ya darasa?

Kama majibu ni mabaya, basi haukuwa mchezo. Hata mkosaji akiapa mara 10. Wadogo wa darasa la 7 na la 8 wajue kwamba wana haki ya kusema «Basi», na wakubwa wa umanite wajue kwamba neno hilo linafunga mchezo hapo hapo.

Lakini jambo hili lina upande wa pili, na tunaomba walimu wetu watusamehe tukilisema. Kama majibu ni mazuri, basi msiwapige watoto kwa sababu ya kelele. Kelele ni sehemu ya neno. Kucheza si upotevu wa wakati. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, wa mwaka 1989, unataja mapumziko na mchezo katika kifungu cha 31, na nchi yetu iliukubali mwaka 1990. Zekaria naye, alipotaka kuonyesha mji uliopona vita na hofu, hakutaja kwanza majengo. Alitaja wazee walioketi na mikongojo yao, na watoto wakicheza njiani. Mji ambao watoto wake hawachezi tena ni mji mgonjwa. Sisi wa Goma hatuhitaji mtu kutueleza hilo.

Kitu kimoja tu cha mahali petu: chini yetu ni mawe ya volkano. Nyiragongo ilitumwagia mwaka 1977, mwaka 2002 na tena mwaka 2021, na jiwe lile linakata kama chupa. Ndama wa Malaki walikuwa na majani laini, sisi hatuna. Basi mkitaka kuangushana, tafuteni mahali penye udongo ao majani. Na msiingie katika mashimo na mabonde madogo yenye mazuku, kwa sababu hewa ile nzito inakaa chini karibu na ardhi, haionekani, na anayebingirika ndani yake hainuki.

9. ZOEZI

Chagueni tendo la Kiingereza linalofaa. Majibu yako chini, lakini msiangalie kwanza.

a) Ndama wamefunguliwa asubuhi huko Masisi, wanarukaruka majanini.
b) Wasichana wanacheza nzango, timu yao inaongoza kwa pointi 3.
c) Kwaya inaimba, na watu wanacheza mbele ya arusi.
d) Watu 4 wanacheza karata, na feza ziko mezani.
e) Jana watoto walirushiana maji na kukimbiakimbia kando ya ziwa Kivu.
f) Vijana 3 wamemnyang'anya mdogo kiatu, wanarushiana wao kwa wao, na mdogo analia.

Majibu: a) frolic. b) play. c) dance. d) gamble. e) frolicked, na aliyesahau k arudie sehemu ya 2. f) Hapa «frolic» halifai, wala «play». Kwa Kiingereza ni «bully», na kwa Kiswahili ni kuonea. Mwenye kuona jambo hilo asiangalie tu. Aende kumwita mwalimu, na kiatu kirudishwe.